Jina la Saba

Wazee wa mtaa wetu walifika katika nyumba moja nje kidogo ya Karatu, wakamkuta baba na kadi ya bima mkononi. Ilikuwa ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao ulihudumia kaya ya watu sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Nyumba ile ilikuwa na watu saba. Aliyeachwa ni kijana wa miaka 16, aliyeacha shule baada ya kuanza kusema na watu wasioonekana. Baba hakuficha neno. "Hawa wengine wakiugua watapona. Huyu nimlipie nini?"

Tusimhukumu upesi baba yule. Neno lake ndilo tulilo nalo wengi moyoni, ila hatulitamki. Twasema ni laana, ni bangi, ni mambo ya ukoo wa mama yake. Mtu akivunjika mguu katika barabara ya Ngorongoro hatumwulizi kwanza kama alikuwa akienda mbio, twambeba. Lakini mgonjwa wa akili twamdai maelezo kwanza. Na hilo la kutopona si kweli. Wapo waliotumia dawa wakarudi shambani. Wapo watakaozitumia maisha yao yote, sawasawa na mwenye kisukari, naye hakuna amwambiaye kwamba kumtibu ni hasara.

Wakulima wa vitunguu wa Mang'ola wanajua kazi ya kusafisha mfereji. Aliye karibu na chanzo naye hushika jembe, ingawa maji yangemfikia bila taabu. Bima yafanana na hayo, ila ina ugumu wake. Mfereji humpa kila mtu maji, lakini katika bima mwenye heri ni yule asiyepata kitu mwaka mzima. Mzima hulipa ili mtu asiyemjua atibiwe. Nani atakubali hayo, ikiwa ameshaamua kwamba wagonjwa fulani hawastahili?

Kijana yule alipelekwa kliniki kwa fedha za sadaka ya maskini, na anaendelea na dawa. Tulifurahi. Lakini sadaka humfikia yule aliyejulikana kwa wazee, na wangapi wamefichwa nyuma ya nyumba? Ndiyo maana sheria yahitajika. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Hata kabla ya hapo, Sera ya Afya ya 2007 iliwasamehe wagonjwa wa akili ada ya matibabu. Ni jambo jema, ila msamaha haujazi kabati la zahanati. Dawa isipokuwapo, mama wa Endulen au wa Eyasi atafute nauli, kisha fedha za duka la dawa. Jirani zetu wa Kenya waliandika wazi katika sheria yao ya 2022 kwamba mgonjwa wa akili asibaguliwe katika bima. Nasi tumwulize diwani, tumwulize na mbunge: katika huduma zitakazolipiwa na bima, dawa za akili zitafika vijijini, au tutaendelea kuambiwa twende Mirembe, Dodoma? Kuuliza hivyo si kuingilia siasa. Wamishonari wa Lutindi, kule Korogwe, waliwapokea wagonjwa hawa zaidi ya miaka 100 iliyopita, kabla neno bima halijajulikana vijijini.

Hata hivyo twaona haya kidogo kwenda kwa diwani. Sheria ikikamilika leo, na dawa zote zikapatikana, bado karani ataandika majina atakayotajiwa na mkuu wa kaya.

Kwa hiyo baraza la mtaa limeagiza kwamba wazee watakapozunguka nyumba kwa nyumba, wasiulize kadi ina majina mangapi. Waulize nyumba ina watu wangapi, wala wasiondoke mpaka wamewasalimu wote.