Mpaka na Dhima

Msafiri atokaye jijini Mwanza kwa njia kuu ya Musoma huuvuka mto Simiyu katika wilaya ya Magu, angali yumo katika ardhi ya Mkoa wa Mwanza. Na yampasa aendelee na safari kitambo kizima ndipo aingie katika mkoa ulioitwa kwa jina la mto huo. Mto wenyewe huanzia mashariki, katika nyanda zinazopakana na Serengeti, ukapita katika mbuga za udongo mweusi wa Usukuma, kisha ukamimina maji yake katika Ghuba ya Speke, nje ya mkoa wake. Henry Morton Stanley alipofika ghuba hiyo mwaka 1875 aliuhesabu kuwa ndio chimbuko la kusini kabisa la mto Nile, akaondoka na fahari ya ugunduzi ambao wenyeji, waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao humo tangu jadi, hawakuwa wamepungukiwa na kitu kwa kuukosa. Kiangazi mto huo aghalabu hubaki mchanga na madimbwi. Mvua zinaponyesha hufurika na kuwazuia watu upande huu na upande ule.

Je, wilaya ni kitu gani? Yumkini ni kitu kilichopo kweli, kama kilima na mto, kisichongoja idhini ya mtu. Yumkini pia ni dhana tu ya karani, iliyoandikwa katika Gazeti la Serikali asubuhi, nayo yaweza kufutwa jioni. Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, aliuliza kama mji hubaki uleule ilhali watu wake hufa na wengine huzaliwa, kwa namna ile ambayo sisi huuita mto kwa jina moja ingawa maji yake hupita daima. Na jibu lake likawa kwamba umoja wa mji haumo katika kuta zake, maana mtu angeweza kuizungushia Peloponnese yote ukuta mmoja na isiwe mji, bali umo katika mpango wa utawala uwaunganishao raia. Jibu hilo ni la busara, lakini kwa kipimo chake wilaya ya Bariadi, katika mkoa huo wa Simiyu, imekwisha kufa na kuzaliwa mara nyingi mno, na wakazi wake hawakupata kuhudhuria maziko yake hata mara moja.

Kabla ya Wajerumani kuieneza himaya yao kutoka Mwanza, nchi hii ilikuwa chini ya watemi: Ntuzu, ambako mji wa Bariadi umesimama leo, Itilima na Kanadi upande wake, na nyingine nyingi, hata Usukuma wote ukawa na dola ndogo ndogo zipatazo hamsini. Waingereza, kwa sheria yao ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji, waliwaacha watemi katika viti vyao lakini wakawafunga kamba ya ofisi ya wilaya, nayo Ntuzu ikahesabiwa kuwa sehemu ya Wilaya ya Maswa. Mwaka 1946 watemi wote wa Usukuma wakaunganishwa katika shirikisho moja lenye makao yake Malya. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa huru, utemi ukafutwa kwa sheria. Baadaye Bariadi ikakatwa kutoka Maswa ikawa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Na ilipofika Machi 2012 ukaundwa Mkoa wa Simiyu, Bariadi ikiwa makao makuu yake, Itilima ikamegwa kutoka Bariadi, na Busega, iliyokuwa ya Magu, ikaletwa kutoka Mkoa wa Mwanza ili mkoa mpya upate ufuo wa ziwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157 katika mkoa huo. Ile ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Mtu aliyezaliwa katika utemi wa Ntuzu na akajaliwa umri mrefu ameishi chini ya mamlaka tano au sita bila ya kuhamisha jiwe moja la mafiga yake.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Malkia Catherine wa Pili wa Urusi, katika sheria yake ya mwaka 1775, aliamuru majimbo na wilaya zipimwe kwa idadi ya nafsi: wilaya moja iwe na nafsi elfu ishirini hadi thelathini, bila ya kujali nani alizoea kusali au kuoana na nani. Wabolsheviki walioshika madaraka baada ya ufalme huo kuanguka walizifuta wilaya zake katika miaka ya 1920, wakaweka nyingine waziitazo raioni. Na mwaka 1962 na 1963 Khrushchev akazifuta nyingi na kuziunganisha, na baada ya kuondolewa kwake zikarudishwa. Mkulima wa huko aliyekuwa akichunga ng'ombe wake kando ya msitu alibadilishiwa wilaya kama askari abadilishiwavyo zamu. Mtawala ahesabuye vichwa hushawishika kuamini kwamba kile alichokihesabu ndicho alichokiumba.

Kwa hayo mtu angeweza kukata shauri kwamba wilaya ni hadaa, na kwamba kilichopo ni udongo, watu na Mwenyezi Mungu tu. Mimi sikubaliani na shauri hilo, na sababu yangu naitoa katika mila ya watemi wenyewe. Mtemi wa Kisukuma hakuwa mwenye nchi kwa maana ya mtu mwenye shamba. Alikuwa mtu aliyebebeshwa nchi. Afya ya nchi ilifungamana na nafsi yake, na mvua ilipokatika watu hawakumwendea kumpa pole. Walimwendea kumdai, na ukame ulipozidi waliweza kumwondoa na kumweka mwingine. Mpaka wa utemi, basi, haukuwa mstari uliochorwa ardhini. Kati ya utemi na utemi mara nyingi palikuwa na pori ambalo hakuna aliyeona haja ya kuligawa. Mpaka ulifika pale madai yalipofika: aliyekuwa na haki ya kumdai mtemi huyu mvua alikuwa mtu wake, na aliyemdai mwingine alikuwa mtu wa huyo mwingine.

Msomaji wa leo atacheka, na ana ruhusa. Hakuna binadamu aletaye mvua, na kumfukuza mtu kwa sababu ya mawingu ni dhuluma iliyo wazi. Lakini tuichambue dhuluma hiyo kabla hatujaitupa. Katika tarehe ya Kiislamu imesimuliwa kwamba Sayyidna Omar bin Khattab, akiwa Madina, alihofu kuwa mnyama akijikwaa huko Iraq yeye angeulizwa na Mungu kwa nini hakumtengenezea njia. Omar hakudhani kwamba yeye ndiye aliyemwangusha mnyama huyo, wala hakudai kwamba anaweza kulisawazisha kila shimo la Iraq. Alichokijua ni kwamba dola yake imeenea mpaka pale ambapo ataulizwa, na haizidi hapo. Wanyantuzu waliomdai mtemi wao mvua na khalifa aliyeogopa kuulizwa juu ya mnyama wamesimama, kwa rai yangu, juu ya ardhi moja: nchi hufanywa na dhima, na pasipo wa kuulizwa hapana nchi, ijapokuwa ramani ipo na rangi zake zinapendeza.

Kwa kipimo hiki hutuba za kusifia kuzaliwa kwa mikoa mipya hazina budi kusikilizwa kwa uangalifu. Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, hukaa muda fulani, kisha huhamishwa. Anayewauliza yuko juu yao, si chini yao. Sisemi kwamba wanafanya kazi vibaya. Barabara ya lami iunganishayo Lamadi na Bariadi ni neema ambayo hakuna mtemi aliyeileta, na mradi wa kuvuta maji ya Ziwa Victoria kutoka Busega hadi Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, ulioidhinishiwa fedha mwaka 2017 na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi pamoja na benki ya maendeleo ya Ujerumani, ni jambo ambalo ukame wa miaka mingi uliwafundisha watu kulitamani. Nasema tu kwamba dhima imebadili mwelekeo wake. Zamani ilishuka kutoka kiti cha mtemi hadi kwa watu wanaokiona kiti hicho. Sasa hupanda, kutoka ofisi hadi ofisi, mpaka inapotea machoni.

Na dhima ikiondoka mahali, lawama haiondoki pamoja nayo. Hili ndilo jambo linalonitia huzuni kuliko yote katika habari za nchi yetu. Tangu miaka ya 1960 Usukuma umejulikana kwa mauaji ya wanawake wazee, wengi wao wajane, waliotuhumiwa uchawi, mara nyingine kwa sababu ya macho mekundu tu, ambayo moshi wa jikoni wa miaka mingi unatosha kuyaleta. Wenye kuyachunguza mambo hayo wametaja sababu nyingi: ugomvi wa urithi, tamaa ya ardhi, waganga wasiokuwa na haya, na zahama ya Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, ambapo kaya zilizozoea kukaa mbalimbali, kila moja na mifugo na makaburi yake, zilikusanywa kwa haraka katika safu za nyumba, makaburi yakaachwa katika mahame, na mtu akajikuta ukuta kwa ukuta na jirani asiyemchagua. Sababu hizo zote nazikubali. Nathubutu kuongeza moja: balaa ilipokuwa na mlango wa kuingilia madai, yaani nyumba ya mtemi, watu walikwenda kugonga mlango huo, mlango ulipofungwa mwaka 1963 balaa haikukoma, na mkono uliozoea kugonga ukatafuta mlango wa aliye dhaifu. Mtemi aliyeondolewa kwa ajili ya ukame alipoteza kiti. Bibi kizee hupoteza roho.

Hapa pana kijiji cha Gambosi, katika wilaya ya Bariadi, ambacho sifa yake ya uchawi imetembea Tanzania nzima, hata watu wasiojua Bariadi iko upande gani hulijua jina hilo na kusimulia mji wa ajabu uonekanao usiku na kutoweka kukicha. Mchana ni kijiji cha wakulima wa pamba na wafugaji. Yafaa tuone kwamba umaarufu nao huchora wilaya zake, na kwamba mpaka wa namna hiyo ni mgumu kufutwa kuliko ule wa Gazeti la Serikali, kwa sababu hauna ofisi ya kupelekewa rufaa.

Iwapo dhima ndiyo iifanyayo nchi, je, imebaki wapi katika Bariadi ya leo? Naiona katika ngitili. Msukuma mfugaji, mvua zinapoanza, hulifunga eneo la malisho ili nyasi zake zihifadhiwe hadi kiangazi kikali, wakati mbuga nyingine zote zimekwisha kuliwa. Eneo hilo halina ua wala waya. Ng'ombe hana la kumzuia ila mchungaji wake, na mchungaji hana la kumzuia ila kujua kwamba akiingiza mifugo humo ataitwa mbele ya dagashida, baraza la wenyeji, na kutozwa. Mradi wa serikali wa kuhifadhi udongo, ulioanza Shinyanga mwaka 1986 na kujulikana kwa jina la HASHI, ulizikuta ngitili zimepungua sana, na badala ya kuleta elimu ngeni ukaihuisha hii ya wenyeji, hata ardhi iliyokuwa imekauka ikaota tena miti na majani. Katika ngitili mpaka na dhima ni kitu kimoja. Ukiondoa kuulizana hubaki nyasi tupu, na kwa siku mbili tatu hazibaki hata hizo.

Lakini sitaki kumaliza kwa kuisifu mila yetu kupita kiasi chake, maana ina upungufu ambao wengine wameulipia. Wanyantuzu na Wasukuma wengine, malisho yalipowabana kati ya mashamba ya pamba upande mmoja na hifadhi ya Serengeti na Pori la Maswa upande mwingine, wameswaga ng'ombe wao kusini kwa miongo mingi: Rukwa, Usangu, bonde la Kilombero, hata Lindi. Huko hufika na mifugo mingi, na ustadi, na lugha yao. Dagashida haifiki pamoja nao, au ikifika huwa ni ya wao kwa wao. Mkulima wa mpunga ambaye shamba lake limekanyagwa hana kiti katika baraza hilo, na mfugaji naye hana kiti katika baraza la mkulima. Mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji na mifugo yao katika bonde la Usangu kwa ajili ya maji ya mto Ruaha, nao wakaenda kuyaanza mambo yaleyale kwingine. Vijiji vingi vya huko vimepimwa na vina hati na mawe ya mipaka, na ugomvi haukukoma, kwa sababu aliyepima ardhi hakupewa kazi ya kuwakalisha watu hao wawili katika baraza moja ambamo kila mmoja aweza kumuuliza mwenziwe; na kwa kadiri nionavyo kazi hiyo haijapewa mtu hadi leo.