Mwendo wa Mtunzi na Suala la Ukimya

Wahakiki wetu wamezoea kuuliza mtunzi ameandika nini, na kwa mbinu zipi. Ni nadra kuuliza ameandika kwa mwendo gani, na iwapo mwendo huo una uhusiano wowote na maadili. Katika makala haya tunadai kwamba uhusiano huo upo, na kwamba mwandishi wa riwaya anayekaa miaka mingi bila kuchapisha hana deni kwa msomaji, mradi ukimya wake ni wa kazi.

Tumtazame Euphrase Kezilahabi. Baina ya 1971 na 1979 alitoa riwaya nne: Rosa Mistika, Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka. Kisha ikapita miaka 11 kabla ya Nagona (1990) na Mzingile (1991). Anayehesabu riwaya tu atasema wino ulikauka. Hata hivyo, katika kipindi hicho hicho mtunzi alikamilisha tasnifu ya uzamifu nchini Marekani (1985), na diwani yake ya Karibu Ndani ikatoka (1988). Riwaya mbili zilizofuata ni fupi, na ule uhalisia wa awali umewekwa kando: msuko umevunjwavunjwa, na safari ya mhusika ni ya kifalsafa zaidi kuliko ya kijiografia. Hatudhani kwamba mtu aliyebanwa kutoa riwaya kila baada ya miaka miwili angepata wasaa wa kuitilia shaka kanuni iliyokwisha kumpa sifa.

Si kila ukimya huchaguliwa, bila shaka. Katama Mkangi alituachia Ukiwa (1975), Mafuta (1984) na Walenisi (1995). Kati ya riwaya ya pili na ya tatu serikali ilimweka kizuizini. Kumpima mtunzi kama huyo kwa idadi ya vitabu ni dhuluma.

Hapa Kenya mwendo wa mtunzi wa Kiswahili huamuliwa mno na vitabu vya kutahiniwa. Uteuzi mpya unapokaribia, miswada huharakishwa, na mtunzi hujikuta akiandikia maswali ya mtihani badala ya kuandikia maisha. Hatumlaumu kwa kutaka malipo. Karo za watoto hazingoji msukumo wa kisanaa. Tunachokitilia shaka ni haraka ile kugeuka kuwa desturi.

Yawezekana msomaji akasema hoja hii ni kinga ya wavivu. Sivyo. Anayesoma, akaandika, akafuta na kuandika upya, yumo kazini. Kwa mwalimu mwenye rundo la karatasi za kusahihisha, ukurasa mmoja alfajiri huenda ukadumu kuliko likizo nzima aliyoiwekea matumaini makubwa.

Lakini alfajiri hiyo ni ya nani? Kuna anayewasha jiko na kuwaandaa watoto kwenda shule. Ushauri wa kuandika kila siku hutolewa kwa wepisi na mtu ambaye chai yake huletwa mezani. Kwa mwandishi wa kike, aliye pia mwalimu na mlezi, ushauri huo una maana nyingine kabisa. Tumewachambua sana wahusika wa kike ndani ya riwaya. Suala la nani aliyeosha vyombo riwaya hizo zilipokuwa zikiandikwa tungali twalipita haraka, nasi wahakiki wa kiume ndio wenye haraka zaidi.