Kanda la Usufi

Tarehe 7 Septemba 1916 kikosi cha Afrika Kusini kilichoongozwa na Jenerali Coen Brits kilifika mbele ya Kisaki, kusini ya milima ya Uluguru, kikashambulia, kikarudishwa nyuma. Siku ya pili yake kikawasili kikosi cha Jenerali Nussey, kilichokuja kwa njia nyingine ya mlimani, nacho kikapigana peke yake pasi na kujua yaliyomfika mwenziwe. Brits aliisikia milio ya bunduki, lakini baina yao palikuwa na magenge na kichaka kilichofungamana; mawasiliano yalikwishakatika, na msaada haukuweza kupita. Majeshi ya Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck yakasalia Kisaki siku chache, kisha yakaondoka kwa wakati yaliouchagua yenyewe.

Wanahistoria wa vita hukitaja kisa hiki kuonyesha hasara ya majemadari wawili kukosa kusemezana. Lakini liko suali jingine ndani yake, nalo si la kijeshi: sauti ya mtu inapotaka kuvuka mlima, ni nani anayeibeba?

Leo jambo lililowashinda majemadari wale limekuwa burudani. Wapenzi wa redio ya ridhaa, ambao hapa Tanzania ishara zao za mwito huanza kwa 5H, wana ada ya kupanda vilele na mitambo midogo, betri na waya wa antena, na kuzungumza na wenziwao walio mbali. Mwaka 2002 ulianzishwa Uingereza mpango wa kuwahesabia alama kwa vilele walivyovifikia, kwa sharti kwamba sehemu ya mwisho ya safari isiwe kwa gari. Mlima una faida yake: mawimbi ya masafa mafupi sana husafiri kama mwanga, yakazuiliwa na kilima, aliye juu huwafikia walio pande zote. Na mawimbi mengine hupanda angani, yakarudishwa na tabaka za juu, hata nguvu isiyozidi ya taa ndogo ikavuka bahari.

Huko Marekani wako wanaopanda na mbuzi waliofundishwa kubeba. Beberu aliyehasiwa, mkubwa wa mwili, hubeba kiasi cha robo ya uzito wake au chini ya hapo. Hahitaji kubebewa chakula, kwani hula majani ya njiani. Akichoka au akizidishiwa, hulala chini, na safari husimama mpaka mwenyewe atakapopunguza. Katika milima ya Uluguru mbuzi si mgeni. Mgeta wako mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway walioletwa katika miaka ya 1980. Lakini hawa hufugwa kwa maziwa. Mzigo wa Uluguru, wa mboga na wa kuni, kwa kawaida umeshuka mtelemko juu ya kichwa cha binadamu, na mara nyingi kichwa cha mwanamke.

Sababu mojawapo ni ya maumbile. Nyanda za chini zinazoizunguka Kisaki ni nchi ya mbung'o. Misafara ya karne ya 19, ukiwamo ule wa Burton na Speke uliopita Zungomero mwaka 1857, ilitegemea mabega ya watu. Mwaka 1916 jeshi la Smuts lilikuja na farasi, baghala, punda na ng'ombe kwa maelfu mengi. Wakafa kwa maelfu mengi. Mnyama alipokwisha, mzigo haukuachwa. Ulihamishiwa kwa mtu.

Hapo ndipo hesabu ilipogeuka kuwa dhulma. Mpagazi alibeba kiasi cha kilo 25. Akila kilo moja kwa siku, na mzigo wake ukiwa ni chakula, baada ya siku 25 atakuwa ameula wote mwenyewe bila ya kumfikishia askari hata punje. Wakuu walikuwa na njia mbili tu za kuikabili hesabu hii: kuongeza wapagazi, au kupunguza posho yao. Zote mbili zilitumika. Wapagazi waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na ujira wa wengi wao haukuwafikia jamaa zao.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hawakusema kwamba mwenye kusema hivyo ni muovu. Walisema kwamba shingo haiumizwi na kilicho juu ya shingo nyingine, na kwa hivyo hukumu ya uzito haifai kuachiwa asiyebeba. Mbuzi anayelala chini njiani ameshiriki katika hukumu hiyo. Mpagazi wa 1916 akilala chini alingojewa na kiboko.

Pengine mtu atasema kwamba basi kila mmoja abebe chake, na mpanda mlima asimtwishe hata mbuzi. Rai hii ni safi mno kwa dunia ilivyo. Sura ya Nahl inawataja wanyama wabebao mizigo miongoni mwa neema, na mafundisho yale yale yanakataza kumtwika mnyama asichokiweza. Kubebeana ndiko kuishi; mtoto hubebwa, mzee hubebwa, na maiti hubebwa na wanne kwa zamu. Mwengine atasema kwamba malipo yanatosha. Malipo ni haki, lakini hayatoshi peke yake, ndiyo maana Kilimanjaro, ambako wapagazi hulipwa, imebidi pia kuwekwa kikomo cha kilo 20 kwa mtu. Aliyelipwa bado anaweza kuvunjwa mgongo.

Kinachotenganisha ubebaji wa halali na wa dhulma, basi, ni mambo matatu: pawe na kiasi, mbebaji aweze kuutua mzigo, na ajulikane. Hili la tatu ndilo linalosahauliwa upesi. Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa Beho Beho Januari 1917, si mbali na Kisaki, kaburi lake linajulikana, na hifadhi kubwa ikapewa jina lake. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inamwonyesha mwenye bunduki peke yake. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini, kuwa ni miguu na mikono ya jeshi. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Kilichobakia midomoni ni Kariakoo, ambalo ni jina la kikosi chao. Huenda sokoni kila siku likitamkwa na watu wasiojua kwamba wanawataja wafu.

Mpenzi wa redio anapofika kileleni huwa na daftari. Humo huandika ishara ya kila aliyezungumza naye, saa na masafa yaliyotumika, kwani kwa kanuni zao mazungumzo yasiyoandikwa hayahesabiwi. Ada hiyo ni njema, nayo ingezidi kuwa njema kama pangekuwa na safu moja zaidi: nani alibeba. Awe ni mpandaji mwenyewe, awe ni mbuzi, awe ni kijana wa kijijini aliyeshika betri mpaka juu, aandikwe. Brits aliisikia milio ya Kisaki na asiweze kwenda. Asomaye leo habari za wapagazi wale naye hawezi kuwafikia. Lakini aliye mbele yake njiani, ametwikwa, yeye anaweza kumuuliza jina, na kumpokea mzigo mwendo kidogo.