Sevo Zilizouzwa kwa Kilo

Mashine yenyewe ilikuwa ya milingi, ya miaka ya 1980, na iliuzwa kwa sababu kompyuta yake ilikuwa imekufa. Skrini haikuwaka, spea hazikupatikana. Vingine vyote vilikuwa vizima: skrubu za gololi zilizunguka bila kukwaruza, njia za meza hazikuwa zimelika, na mota tatu za sevo za umeme wa DC zilikuwa mahali pake, kila moja na draiva yake ndani ya kabati. Fundi aliyeinunua alijua kukereza, kuchomelea na kusuka waya. Jina lake nalihifadhi.

Kabla hajafungua kabati, alikuwa ameshanunua kadi ya kuendeshea mota. Ilikuwa ndogo, ya kuchomekwa USB, bei nafuu, na aliyemuuzia alimhakikishia kwamba inaendesha mashine yoyote. Mtu akikwambia “yoyote” kuhusu kifaa cha umeme, shika mfuko wako.

Kadi ya aina hiyo hutoa mipigo. Mpigo mmoja ni hatua moja ya mota, na waya wa pili hueleza mota izunguke upande gani. Mota za stepa, zinazokwenda hatua kwa hatua, huelewa hivyo, na sevo nyingi za kisasa pia. Draiva za ile mashine kongwe zilingoja kitu kingine kabisa: volti kati ya hasi 10 na chanya 10. Kumi chanya, mota ikimbie kwa kasi yote upande huu, kumi hasi, ikimbie upande ule, sifuri, itulie. Enkoda iliyo nyuma ya mota huirudishia kompyuta habari za mahali meza ilipo, na kompyuta hulinganisha na mahali ilipotakiwa kuwa na kurekebisha volti, kwa kawaida mara 1,000 kila sekunde. Kadi yake haikuwa na njia ya kutoa volti hizo, wala ya kuisoma enkoda.

Akaenda kwa mzee mmoja, fundi umeme wa siku nyingi.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mashine yako inaumwa nini?”

“Haijibu. Kadi inawaka, kompyuta inaiona, lakini meza haisogei.”

“Pale draiva inapopokea waya wa amri pameandikwaje?”

“Sijaangalia, mzee.”

“Basi kaangalie kwanza, mwanangu, ndipo uje tuzungumze.”

Hakuangalia. Aliwasikiliza vijana wenzake waliomwambia kwamba mota za zamani ni uchafu tu, akazing'oa zote tatu pamoja na draiva, akawauzia watu wa skrepa. Zilipimwa kwa kilo, kwa ajili ya shaba iliyomo. Hapa ndipo ninapomlaumu hasa. Kadi isiyofaa huwekwa kabatini ikasubiri kazi nyingine, lakini zile sevo ndizo zilizokuwa na thamani kubwa kuliko chochote kingine kwenye ile mashine, ukiondoa chuma chenyewe. LinuxCNC, programu ya bure iliyotokana na kazi ya taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, katika miaka ya 1990, ingeziendesha bila taabu ikipata kadi kama Mesa 7i77, yenye njia sita za volti hizo hizo na nafasi za enkoda. Ingemgharimu zaidi ya ile ya USB, lakini mota, draiva na nyaya zake vingebaki vilivyo.

Badala yake alifunga stepa kubwa. Stepa ina nguvu ikienda polepole. Kasi ikipanda, umeme haupati muda wa kujaa kwenye koili zake na nguvu hushuka. Naye alitaka kasi. Hesabu yake haikuwa ngumu, ila hakuipiga: stepa ina hatua 200 kwa mzunguko, draiva ikazigawa kila moja mara kumi, zikawa 2,000. Skrubu ilisogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, maana yake mipigo 400 kwa milimita. Meza ikienda mita 6 kwa dakika, yaani milimita 100 kwa sekunde, kadi inatakiwa kutoa mipigo 40,000 kila sekunde. Kadi yake iliiweza hesabu hiyo. Mota ndizo zilizoshindwa kuivuta meza nzito kwa kasi ile, zikaruka hatua, na kwa kuwa hakukuwa na enkoda, kompyuta haikujua. Iliendelea kukata kwa uhakika wote, mahali pasipo sahihi. Aliharibu umbo la chuma la mteja kabla hajagundua, akashusha kasi hadi mita 3.

Kitufe chekundu cha dharura nacho alikiunganisha kwenye kadi, ili programu ikisome na kusimamisha kazi. Siku moja inveta ya mota ya kisu ilipowaka, kelele zake za umeme zilikata mawasiliano ya USB wakati meza ikielekea kwenye jiliwa. Alibonyeza. Programu haikupata habari, na kadi ilikuwa bado imehifadhi amri za sekunde nzima. Kwa mita 3 kwa dakika, sekunde moja ni sentimita 5, na jiliwa lilikuwa karibu zaidi ya hapo. Kisu kilivunjika, na taya la jiliwa likapata kovu.

Baada ya hapo ndipo alipokipitisha kitufe kwenye kontakta inayokata umeme wa draiva na wa inveta moja kwa moja, bila kuiomba kompyuta ruhusa, akahamishia nyaya za inveta mbali na za USB na kuzivika ganda la chuma lililounganishwa na ardhi. Kontakta ile bei yake haikufika hata ya kisu kilichovunjika. Sevo alizitafuta tena kwa wale wa skrepa, akakuta zilishavunjwa na shaba yake kuuzwa.