Ukarimu wa Mshahara

Je, utumishi wa mshahara waweza kuhesabiwa wema? Wako wasemao kwamba hauwezi. Husema: mkarimu ni yule amkaribishaye mgeni nyumbani kwake bila ya kutaraji kitu, ama mtumishi wa hoteli, tabasamu lake ni bidhaa, na mgeni amelinunua pamoja na kitanda na chakula. Kauli hii yaelekea kuwa ya kweli, lakini yafaa tuipime.

Katika mji wa Bombay, ambao wazee wetu waliufikia kwa majahazi na ambao leo waitwa Mumbai, iko hoteli ya Taj Mahal. Aliijenga Jamsetji Tata, ikafunguliwa mwaka 1903, nayo yaelekea bahari. Kulala humo usiku mmoja si jambo la mtu wa kipato kidogo.

Usiku wa tarehe 26 Novemba 2008 watu wenye bunduki waliingia humo wakaua bila ya kuchagua, na mapambano hayakwisha ila tarehe 29. Watumishi waliijua milango ya nyuma, wangeweza kukimbia. Wengi wao hawakukimbia. Waliwaficha wageni, wakawatoa kundi baada ya kundi, na baadhi yao wakauawa katika kazi hiyo. Meneja wao alifiwa na mkewe na wanawe wawili katika moto wa ghorofani, naye akaendelea kuwaokoa wageni.

Sasa tuulize: mshahara ulinunua nini? Ulinunua saa za kazi na ustadi wa mikono. Haukununua roho. Hakuna mkataba umlazimishao mpishi kufa kwa ajili ya mtu asiyemjua. Basi kile alichokitoa zaidi ya alichokiuza, hicho ndicho ukarimu hasa. Atasema mtu: walifundishwa hivyo. Naam, lakini mafunzo humwonyesha mtu njia, hayamtembezi.

Tena tutazame: walioua walijidai kuipigania dini, na waliookoa walikuwa kazini kwa ujira. Wema haupimwi kwa jina la kazi wala kwa kulipwa au kutolipwa, bali kwa amana aitunzayo mtu.

Hapa pana funzo kwetu sisi tulalao hotelini, iwe ya fahari au ya kawaida. Tumekodi chumba, hatukumnunua mtu. Amwitaye mtumishi kwa mluzi, akamkemea mbele ya watu kwa hoja ya kuwa amelipa, na akumbuke kwamba huenda ni huyo atakayemfungulia mlango siku ya moto.