Daraja la Siku Nne

Waspania wana jina la wikendi ndefu ambalo limekaa nami tangu nilipolisikia. Sikukuu ikiangukia Alhamisi, wengi huchukua Ijumaa kuwa mapumziko ili waifikie Jumamosi bila kukanyaga kazini, na siku hizo zote huziita puente. Maana yake ni daraja.

Mwaka tuliokwenda kumtembelea binti yetu anayesoma Madrid, sikukuu yao ya tarehe 12 Oktoba iliangukia Alhamisi. Binti alitutazama siku mbili tumekaa chumbani kwake kama watu waliokuja msibani, kisha akatulipia nyumba ya wageni mjini Toledo, usiku tatu. "Miaka thelathini ya ndoa," akasema, "na kila mliposafiri pamoja kulikuwa na harusi, mazishi au mkutano wa dayosisi." Tiketi za treni akaniachia mimi. Nyumbani kwetu mtu wa hesabu ni mimi. Hilo nimelisema mwenyewe mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Toledo iko kusini mwa Madrid, safari ya nusu saa hivi kwa treni. Mji umekaa juu ya kilima cha mawe na mto Tajo umeuzunguka pande tatu, kwa hiyo ukitoka stesheni kwa miguu unaingia kwa kuvuka daraja liitwalo Alcántara. Jina hilo ni la Kiarabu, nalo maana yake ni daraja, neno lile lile ambalo wazee wa pwani yetu wanaliita kantara. Ndiyo kusema wenyeji wanalivuka Daraja la Daraja kila siku wala hawashangai. Mke wangu alifurahia sana mambo haya ya maneno. Alipogundua kwamba sukari kwao ni azúcar na hata ni hasta, alianza kuwasalimu wauza maduka kama ndugu waliopoteana.

Ijumaa ilikuwa njema. Tulianza na Kanisa Kuu, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1226 na kukamilika 1493. Nikamwambia mama watoto kwamba hiyo ni miaka 267. Akanijibu niwapelekee salamu wazee wa usharika wanaolalamikia paa letu la miaka sita. Katika kanisa dogo la Santo Tomé tukauona mchoro mkubwa wa El Greco wa mazishi ya bwana mmoja wa Orgaz. Watakatifu wawili wamemshika marehemu, mbingu imefunguka juu yao, na mbele kabisa amesimama mtoto wa kiume. Ni mtoto wa mchoraji mwenyewe, Jorge Manuel. Kwenye leso inayoning'inia mfukoni mwake baba yake ameandika 1578, mwaka aliozaliwa. Mke wangu aliwaacha watakatifu akabaki na yule mtoto.

Kisha tukaingia katika jengo la Santa María la Blanca, lenye nguzo nyeupe na matao yaliyopinda kama kwato la farasi. Wayahudi walilijenga liwe sinagogi lao, kwa ufundi wa Waislamu. Baadaye Wakristo wakalichukua, na mwaka 1492 Wayahudi wakafukuzwa Hispania yote. Tulikaa humo kimya. Kanisa nalo lina hesabu zake zilizokosewa, na si vizuri mchungaji kama mimi apite mahali pale akitazama dari tu.

Usiku ule, mwenzangu akiwa amelala, nilifungua simu nitazame tiketi za kurudi. Zilisema Jumamosi, saa kumi na moja na nusu jioni. Jumamosi, si Jumapili. Nikatafuta nafasi za Jumapili: treni zote zimejaa, maana nchi nzima ilikuwa inarudi nyumbani kutoka kwenye daraja lake.

Sikumwamsha. Asubuhi, tukinywa kahawa, sikumwambia. Nilijiambia nitapata njia kwanza, halafu nitasema. Je, wewe hujawahi kujiambia hivyo?

Siku nzima nikawa natembea mbele yake. Vichochoro vya Toledo ni vyembamba, pengine unanyoosha mikono ukagusa kuta zote mbili, na mtu anayetaka kumtangulia mwenzake hapati shida. Aliposimama kuangalia vyombo vya chuma vilivyotiwa nakshi za nyuzi za dhahabu, ufundi unaojulikana sana mjini pale, nilisema tunachelewa. Hakuuliza tunachelewa wapi. Goti lake linamsumbua tangu mwaka juzi, na nyuma yangu nilisikia viatu vyake vikijikaza kuharakisha juu ya mawe.

Alasiri tukashuka upande wa magharibi hadi daraja jingine, la San Martín, tukakaa. Lina matao matano, na lile la katikati limeruka mto kwa karibu mita 40. Mke wangu alikuwa amenunua pakiti ya mazapán, vile vitamutamu vya lozi na sukari vinavyoupa mji ule sifa, pamoja na kijitabu cha watalii. Akavaa miwani akaanza kunisomea.

Simulizi yenyewe ni ya zamani. Katika karne ya 14, askofu mkuu Pedro Tenorio aliagiza daraja lile lijengwe upya. Fundi mkuu akafanya kazi yake, tao likapanda juu ya mirunda na viunzi vya mbao, siku ya kulizindua ikakaribia. Ndipo usiku mmoja fundi akagundua kwamba amekosea hesabu. Mbao zikiondolewa tu, tao litaanguka mtoni, na jina lake nalo. Akarudi nyumbani hana hamu ya kula. Mkewe akamuuliza, naye akamwambia. Usiku wa manane yule mwanamke akatoka peke yake na mwenge, akavitia moto vile viunzi. Daraja likaanguka, watu wakalia na ajali ya moto, na fundi akapewa kazi ya kujenga upya, safari hii kwa hesabu sahihi. Lilipokamilika, mwanamke akaenda kwa askofu mkuu akaungama. Wanasema askofu alimsamehe. Juu ya tao la katikati kuna sanamu ndogo ya jiwe, na wapo wenyeji wanaopenda kusema ni yeye.

Mpendwa, simulizi hii ingeniangukia mkononi zamani ningehubiri juu ya moto. Ningemsifu mke shujaa, nikaongeza kwa haraka kwamba sishauri mtu yeyote achome mali ya umma. Pengine ningetulia kidogo kwenye lile ungamo, kwa sababu upendo wa mwanamke yule haukuishia kwenye kuficha. Ulikuwa na miguu ya kwenda kusema kweli. Lakini jioni ile nilikwama mahali pa mapema zaidi. Alimuuliza, naye akamwambia.

Fundi mkuu wa mji! Mtu anayetazamwa na mafundi wote, na askofu, na mto wenyewe. Akaketi jikoni kwake akasema, nimekosea. Ni nini kilichokuwa ndani ya nyumba ile hata neno hilo likaweza kutoka? Nadhani halikuota usiku ule. Liliandaliwa na makosa madogo ya miaka mingi, mboga iliyoungua, fedha iliyopotea, ahadi iliyosahauliwa, ambayo mmoja aliyasema na mwingine akayapokea bila kuyaweka akiba kwa ajili ya siku ya ugomvi. Katika nyumba yako, kosa likibisha hodi, hukaribishwa na nani?

"Mama," nikasema, "tiketi nimezikosea. Treni yetu ni leo."

Alivua miwani. Nilitegemea acheke, au anikumbushe nani mtu wa hesabu. Badala yake akanitazama muda mrefu akasema polepole, "Kumbe. Mimi tangu asubuhi nimedhani ni hili goti. Nimedhani nakuchelewesha, unajuta kwa nini umekuja na mimi."

Maneno hayo sijayamaliza hadi leo. Nilidhani ninambeba mke wangu asihangaike, kumbe kosa langu nililolificha halikukaa mahali nilipoliweka. Lilitembea likampanda yeye. Alilibeba kilima chote, kwa goti bovu, akiliita lake. Adamu naye alipojificha nyuma ya miti, hatua iliyofuata ilikuwa kumtaja Hawa. Na tazama jinsi Bwana alivyowafuata bustanini: hakutanguliza adhabu, alitanguliza swali, akiuliza yuko wapi. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi kama mwito wa hakimu. Sasa naisikia kama sauti ya yule mwanamke wa Toledo jikoni, akimuuliza mumewe kwa nini hali chakula. Yupo mtu karibu nawe leo ambaye anatembea haraka kupita nguvu zake, akidhani ukimya wako ni kosa lake? Unaweza kumfungua kabla jua halijazama, kwa sentensi moja fupi.

Nilimwomba msamaha, si kwa ajili ya tiketi. Akasema sawa, kwa namna ile anayosema sawa akiwa bado na kazi ya kufanya moyoni, nami nikamwacha aifanye.

"Kesho tutapanda basi," akasema baadaye. "Mabasi yapo, nimeyaona yameandikwa humu."

Kwa hiyo yeye alikuwa na njia muda wote, ndani ya kile kijitabu nilichomkatalia asubuhi kusimama kukisoma.

"Hiyo treni ni saa ngapi?"

"Kumi na moja na nusu."

Akatazama saa yake. Zilibaki dakika chache. Akaninyooshea mkono nimsaidie kulinyoosha goti lake vizuri juu ya ukuta wa mawe, akafungua pakiti ya mazapán, akaiweka katikati yetu.

"Basi tukae," akasema, "tuisindikize."