Wasichana Wawili wa Marko

SOMO: Marko 5:35–43, Marko 6:21–28, Esta 2:1–14

Wazazi kadhaa wameuliza kama siku ya watoto mwaka huu inaweza kuwa na shindano la "Mr na Miss Sunday School", vile shule zingine hufanya wakati wa kufunga. Kuna wanaosema ni raha tu ya watoto. Kuna wanaosema ni dunia imeingia kanisani. Tusijibu haraka. Hebu tufungue Neno.

Marko ameweka wasichana wawili karibu karibu. Sura ya 5 ni binti wa Yairo, miaka 12. Nyumba imejaa watu na kelele. Yesu anawatoa wote nje, anabaki na baba, mama na wanafunzi watatu. Anamshika mkono, anamwinua, kisha anaagiza apewe chakula. Sura inayofuata ni binti wa Herodia. Huyu anacheza mbele ya wakubwa wa Herode kwenye sherehe, na wanapendezwa. Akiambiwa achague zawadi, anatoka kumuuliza mama. Mama jibu analo tayari. Katika Kigiriki, Marko anawaita wote wawili kwa neno moja, msichana mdogo.

Mmoja, watu wazima walishughulikia haja yake. Mwingine, alitumiwa kwa haja za watu wazima. Hapo ndipo swali letu lilipo.

Mtu atasema, "Lakini Mchungaji, hata mistari ya kukariri tunashindanisha." Kweli. Lakini aliyeshindwa mistari anaweza kurudi nyumbani akasoma, mwaka ujao akashinda. Aliyeshindwa kwa sura yake arudi akafanye nini? Mwimbaji anapewa alama kwa wimbo, mkimbiaji kwa mbio. Kwa urembo, kinachopewa alama ni mtoto mwenyewe. Na mtoto wa miaka sita hajui kutenganisha "hawakuchagua gauni langu" na "mimi sipendezi".

Wengine hutaja Esta. Tusome yote basi. Wasichana walikusanywa kwa amri ya mfalme, na Esta alikuwa yatima. Sisi huhubiri juu ya aliyevikwa taji. Na wale wengine? Mstari wa 14 unasema walipelekwa nyumba ya pili, wasirudi kwa mfalme mpaka aitwe mmoja kwa jina. Mungu aliokoa watu wake kupitia Esta, lakini hakuna mahali alipobariki ile njia ya mfalme.

Sisemi nguo nzuri ni dhambi. Hapa Eastleigh, tangu Garissa Lodge igeuke maduka, wengi wetu tunakula kwa sababu mtu amenunua gauni. Kumvalisha mtoto akapendeza ni upendo. Shida inaanza akipakwa lipstiki na kufundishwa kutembea kama mwanamke mzima, halafu watu wakae chini kumpima. Hata Ufaransa, nchi ya mitindo, Seneti yake ilipiga kura Septemba 2013 kutaka mashindano ya urembo ya walio chini ya miaka 16 yapigwe marufuku. Nayo Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inataka maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu.

Najua pia kuna mzazi analipa kodi ya nyumba kwa shida, na akisikia mshindi atalipiwa karo, moyo unaruka. Asichekwe. Lakini sisi kanisa tujiulize: kama pesa ya karo ipo, mbona mtoto apite kwanza mbele ya majaji? Si apewe yule anayehitaji? Na kama kura ni za M-Pesa, tunajua nani atashinda: mwenye wajomba wenye pesa.

Kwa hivyo ushauri wangu: siku ya watoto iwepo, waimbe, waigize, wavae vizuri, wapigwe picha wote. Taji tuliache.

KWA MAZUNGUMZO NYUMBANI
1. Mara ya mwisho nilipomsifu mtoto wangu, nilisifu nini?
2. Picha yake ninayoweka kwa status, ni kwa furaha yake au yangu?
3. Akikataa kupanda jukwaani, nitamsikiliza?

OMBI: Bwana, tufundishe kuwatoa nje wenye kelele, na kuwapa watoto wetu chakula. Amina.